Mifuko sita ya vitenge, na bado huna cha kushona

Swali limetoka kwa msomaji wa Kimara, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Nilianza kushona kwilti za viraka (matandiko yenye uso, ujazo na mgongo) miaka mitatu iliyopita, nashona mbili kwa mwaka. Kila nikishuka Kariakoo narudi na kitenge. Sasa nina mifuko sita chini ya kitanda, nimepima nikapata yadi tisini na kitu, na mume wangu ameanza kuuliza kama nafungua duka. Ajabu ni kwamba nikikaa kwenye cherehani naona sina kitambaa kinachofaa. Masika iliyopita mfuko mmoja ulishika ukungu. Nipangeje akiba hii, ninunue nini na niache nini? Halafu kuna khanga za marehemu mama, za Urafiki, doti nne. Moja ina maneno ambayo mama aliyachagua makusudi kumlenga shangazi. Naogopa kuzigusa."

Marahaba mdogo wangu. Mume wako mwambie hufungui duka, maana mwenye duka huuza. Wewe umefungua ghala.

Nianze na hesabu, halafu tutaona tatizo liko wapi. Kitanda cha futi tano kwa sita kinataka kwilti ya futi saba kwa saba ili ishuke futi moja kila upande na miguuni. Ukikata viraka vya inchi sita na nusu, ukishaondoa robo inchi ya mshono kila upande unabaki na sita, kwa hiyo unahitaji 14 kwa 14, yaani viraka 196. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinakupa viraka sita kwa upana na vitano kwa urefu wa yadi. Hivyo ni thelathini kwa yadi moja, hata kama kitambaa kimerudi kidogo baada ya kufuliwa. Yadi saba zinatosha uso wote. Mgongo unataka yadi tano na nusu, mapande mawili yaliyounganishwa na ukanda wa viraka katikati, kwa sababu mapande mawili peke yake yakishafuliwa upana unakuwa wa kubana. Ukingo ni robo tatu ya yadi. Jumla yadi 13 na ushee. Kwa yadi zako tisini unakaa na kwilti sita, saba hivi. Kwa mwendo wa mbili kwa mwaka, hiyo ni kazi ya miaka mitatu na zaidi chini ya kitanda, na bado unasema huna kitambaa.

Nakuamini kwamba huna. Fanya hivi leo usiku kabla hujalala: toa kipande kimoja cha kila kitenge, vipange sakafuni vikigusana, panda kwenye kiti, vipige picha kwa simu. Kisha iondoe rangi picha ile, ibaki nyeusi na nyeupe. Nina hakika utaona kitu kimoja tu, kijivu cha katikati kutoka kona hadi kona. Ile njano, ile bluu ya bahari, lile chungwa ulilolipigania bei nusu saa, vyote vimekuwa ndugu. Kwilti haisomeki kwa rangi peke yake. Inasomeka pale rangi iliyokolea inapokaa jirani na rangi iliyopoa. Wewe umenunua za katikati tupu, tena zenye maua makubwa, kwa sababu dukani ndizo zinazoita. Kitenge kimetengenezwa ili mwanamke aonekane kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiviweka ishirini pamoja, vyote vinaongea na hakuna anayesikiliza.

Kwa hiyo unachokosa ni vitambaa vilivyonyamaza. Bafta nyeupe, marekani ambayo haijapaushwa, poplini ya rangi moja. Kaniki nayo usiidharau, weusi wake wa kibuluu unafanya kitenge chochote kionekane cha bei kubwa. Hivi ndivyo watu hawanunui, kwa sababu ukitoka navyo dukani huna cha kumwonyesha jirani. (Marekani yenyewe, kama hujui, ilipata jina kwa nchi ilikotoka. Karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta pamba ile Zanzibar, nayo ikasambaa bara hadi ikawa kama fedha.) Mimi katika kila yadi kumi nilizo nazo ndani, nne ni za rangi moja au karibu na hapo. Wewe sidhani kama unazo mbili.

Kabla hujatoa hela, geuza vitenge vyako. Kitenge cha waksi cha kweli kina rangi ileile pande zote mbili, huwezi kujua uso ni upi. Lakini vingi tunavyonunua vimepigwa chapa upande mmoja, na mgongoni rangi inatokea kwa mbali, imefifia. Huo mgongo ni kitambaa kingine cha bure! Nina kwilti moja ambayo watu huniuliza ile krimu yenye maua ya ukungu nimeipata duka gani, nami nawaambia ni kitenge kilekile cha jirani yake, nimekigeuza tu. Pitia mifuko yako kwa jicho hilo. Huenda robo ya upungufu wako ikaisha bila kupanda daladala.

Ukubwa wa maua nao ni jambo. Kitenge chenye feni kubwa la mezani au ndege wa futi nzima kinapendeza kwenye gauni, lakini ukikikata viraka vya inchi sita unapata kipande cha bawa hapa na doa la kijani pale. Vya namna hiyo viweke kwa ajili ya migongo na viraka vikubwa. Unaponunua kwa ajili ya uso, beba kadi ngumu uliyotoboa dirisha la inchi sita katikati, iweke juu ya kitambaa, uiteleze huku na huku. Unachokiona ndani ya dirisha ndicho utakachokiona kitandani. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Sasa ununuzi. Mtaa wa Uhuru na mitaa inayoukata pale Kariakoo ndiko kwenye khanga na vitenge vya jumla, hilo unalijua kuliko mimi. Kosa ni kwenda kwa macho. Mimi nina pini kubwa ya nepi, nimeichomeka vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kimoja kwa kila kitambaa kilichomo ndani, na nyuma ya kila kimoja nimeandika kwa kalamu yadi zilizobaki. Iko kwenye mkoba siku zote. Nikipenda kitenge nakiweka jirani na pini. Kama kina pacha humo, narudisha pochi. Zaidi ya mara nne nimekuta ninataka kununua kitu nilicho nacho tayari, na mara moja kilikuwa kilekile kabisa, duka lilelile.

Kama hujui kitambaa ni pamba au ni mchanganyiko, chomoa nyuzi chache za pembeni, zipeleke nyumbani uzichome juu ya sahani. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kubaki punje ngumu nyeusi. Sikwambii poliesta ni haramu, ila usiichanganye na pamba kwenye uso mmoja. Pasi inayonyoosha pamba inaunguza mwenzake, na kitanda cha Dar mwezi wa pili hakihitaji kitu kisichonyonya jasho.

Umeuliza pia nini uache. Acha kununua pisi nzima ya yadi sita kwa sababu tu "nikikosa baadaye je?" Kwa viraka, yadi moja ya kitenge kimoja ni nyingi. Tafuta wenzako wawili, kila mmoja anunue pisi moja tofauti, mgawane yadi mbilimbili. Hapohapo una vitenge vitatu kwa bei ya kimoja. Kwa miezi sita ijayo kanuni yangu kwako ni hii: yadi mbili zitoke kabla moja haijaingia. Bafta na marekani haziingii kwenye kanuni.

Na kuna chanzo ambacho hujakitaja hata kidogo, nacho ndicho kilichonilea mimi: mafundi. Jijini hapa kila wiki kuna sendofu, kuna kichen pati, na kila shughuli ina sare. Wanawake arobaini wanashonewa kitenge kimoja, na chini ya meza ya fundi kunabaki gunia. Nenda Jumatatu asubuhi, wakati bado hajachoka na wateja, mwombe mabaki. Wengine watakupa bure, wengine watataka hela ya chai. Ubora wa mabaki ya sare ni kwamba ni kitambaa kimoja kwa wingi, si kapu la vitu mia. Ubaya wake ni umbo. Yale ya kwapani na shingoni yamekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari kinavutika kama lastiki. Ukishona bila kukitazama kwilti inakuwa na mawimbi kama bati la zamani. Tafuta mwelekeo wa nyuzi, kata upya ukiufuata, chenga zilizobaki weka kando.

Mchikichini kwenye mitumba nako nenda, lakini kwa mambo mawili tu: mashuka ya pamba kwa ajili ya migongo, maana shuka moja pana linakuondolea mshono wa katikati, na mashuka mazito ya fulaneli kwa ajili ya tabaka la ndani. Hali ya hewa yetu haitaki ujazo mnene. Kwilti yenye fulaneli katikati inatosha kipupwe chote, na Januari unaitandika bila kujifunika. Sufi waachie wenye mito. Ndani ya kwilti inahamia kona moja.

Tuje kwenye kufua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu niliungua. Miaka ya nyuma nilishona kwilti ya kitanda cha mtoto, bafta nyeupe na nyota za khanga nyekundu. Khanga ile nilikuwa nimeiloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi kama tulivyofundishwa wote. Mteja akaifua mara moja, akaniletea kitu cha waridi. Si uso tu, hadi mgongo. Nikarudisha hela yote, na mtoto alikuwa ameshazaliwa hana zawadi.

Chumvi haishikishi rangi ya dukani. Chumvi hutumika kwenye beseni la kutilia rangi, kuisukuma iingie kwenye pamba. Ikishatoka kiwandani, iliyoshika imeshika na ambayo haikushika itatoka tu, kwa chumvi ama bila chumvi. Siki nayo ni hivyohivyo kwa pamba. Kinachosaidia ni kuitoa rangi isiyoshika kabla hujashona: maji ya moto, sabuni, beseni kubwa, rudia mpaka maji yatoke safi. Nyekundu, nyeusi na bluu iliyokolea zinaweza kukuchukua mara tano. Kisha chukua kitambaa cheupe kibichi, kibonyeze juu ya khanga mbichi kwa pasi ya moto. Kikitoka na doa, rudi kwenye beseni. Ikigoma kabisa baada ya hapo, khanga hiyo haitakaa na nyeupe maishani mwake, ipeleke kwenye kwilti ya rangi zilizokolea. Na kama kwilti imeshashonwa ikachuja, usiianike. Irudishe upesi kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni kabla rangi haijakaukia mahali isipotakiwa.

Kila kinachoingia nyumbani kwangu kinafuliwa siku hiyohiyo, kabla hakijaona kabati. Kinasinyaa kwenye beseni badala ya kusinyaa kwenye kwilti iliyokamilika. Na kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Kitenge kipya kina wanga, ndiyo maana kinasimama kama karatasi, na wanga ni chakula. Mende wanaupenda, wadudu wadogo wa kabatini wanaupenda, ukungu unaupenda. Mfuko wako ulioshika ukungu, nitabahatisha: ulikuwa na vitenge vipya ambavyo havijafuliwa, umefungwa fundo, na umegusa sakafu au ukuta. Nimekosea?

Hewa ya Dar kuanzia Machi mpaka Mei ni maji yanayotembea. Ukifunga kitambaa kwenye plastiki unaufungia unyevu ndani. Kitu kizuri cha kuhifadhia unacho tayari: foronya za pamba. Foronya inapumua, inazuia vumbi na mwanga, na unaweza kuifua. Mimi nimezigawa kwa kukolea na kupoa badala ya rangi, moja ya vitambaa vilivyokolea, moja ya vya kati, moja ya vilivyopoa, moja ya rangi moja tupu. Vinakaa kwenye rafu ya mbao iliyoachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Kama huna rafu, viinue kwenye chaga chini ya kitanda, visiguse saruji. Maboksi ya karatasi hapana: mchwa, mende, na gundi yake. Siku ya jua kali ya kwanza baada ya masika toa vyote, vikunjue, vianike kivulini penye upepo, vikunje upya kwa mkunjo mwingine. Mkunjo uleule wa miaka miwili unaacha mstari uliofifia ambao pasi haiutoi.

Vile vidonge vyeupe vya kabatini vyenye harufu kali, vya nafthalini, naomba usiweke. Ni sumu ya kuvuta, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo ni ya kawaida kwenye nchi zenye malaria, vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Harufu yake inabaki kwenye kitambaa, na kwilti ndogo ndizo tunazowashonea watoto wachanga. Isitoshe, adui vinayemlenga ni nondo, ambaye hula sufu ya kondoo na hana njaa na pamba yako. Karafuu chache ndani ya kifuko cha bafta zinatosha kwa harufu nzuri, ila zisiguse kitenge, zina mafuta.

Chenga, zile ndogo kuliko kiganja, weka kwenye ndoo moja yenye kipimo. Ikijaa, hununui chochote mpaka iishe nusu. Ukikwama namna ya kuzitumia, watazame Wasidi wa Karnataka huko India, watu wenye asili ya Afrika, ambao babu zao wengine walivuka kutoka pwani hii hii yetu. Kwilti zao huitwa kawandi. Wanatumia nguo zilizochakaa, wanaanza kushona kwa mkono pembeni na kuzunguka wakielekea katikati, kila kipande kikipandia chenzake, bila kupima sana. Kwenye kona huweka viraka vidogo wanavyoviita phula, maua. Nilipoanza kushona kwa mtindo ule ndoo yangu ilishuka kwa mara ya kwanza katika miaka.

Sasa khanga za mama.

Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza 1968 kwa msaada wa Wachina, kwa hiyo huenda una mkononi kitu chenye umri wako au zaidi, kilichofuliwa mara mia. Habari njema ni kwamba rangi ya kuchuja, kama ilikuwapo, ilishaisha zamani. Habari nyingine ni kwamba pamba imelegea, na khanga tangu mwanzo ni nyepesi kuliko kitenge. Ukizishona pamoja hivihivi, khanga itavutwa na itakunjamana. Pika uji mwembamba wa wanga wa muhogo, uchuje, uloweke khanga, uianike, uipige pasi ikiwa na unyevu kidogo. Itasimama kama mpya wakati wa kukata na kushona, na wanga utatoka ukiifua kwilti.

Doti ni khanga mbili zilizo sawa, mdogo wangu, na hapo ndipo jibu lako lilipo. Usigawanye doti nne kuwa mbili za kukata na mbili za kuhifadhi. Chukua moja kutoka kila doti. Zile nne nyingine zikunje nzima, ziweke kwenye foronya yao peke yake, uzivae siku ukimkumbuka. Katika hizi nne za kukata anza na pindo, kata ukanda wote wa pembeni mzima, kwa sababu pindo la khanga ni ukingo wa kwilti uliokwisha kuchorwa tayari. Mji, ile sehemu ya katikati, ukate viraka. Jina, yale maandishi, likate kipande kimoja kirefu bila kukatisha herufi hata moja, uache inchi nzima juu na chini, na uliweke mgongoni, upande utakaogusa mwili. Umesema doti moja ina maneno ambayo mama aliyachagua makusudi kumlenga shangazi yako. Hilo nalo litie, ila kwa upande wa miguuni.

Kabla ya yote zitazame dhidi ya dirisha, mchana. Palipokonda utaona mwanga unapita. Zungushia chaki hapo, na nyuma yake bandika kipande cha bafta kwa mishono ya mkono kabla hujakata. Ukikuta doa la mafuta ya nazi kwenye pindo, usilitie dawa ya madoa. Liache.